Kumcheka Asiyekuwepo

Miongoni mwa wanafunzi wanaopenda filamu, hapa Bujumbura kama kwingineko, kuna lalamiko linalorudiwa mara nyingi: Hollywood haichekeshi tena. Wanaolalamika hutaja filamu za zamani walizozikariri kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha hutoa sababu moja tu. Wanasema siku hizi watu wamekuwa wepesi wa kukasirika. Mchekeshaji akifungua mdomo analaumiwa na dunia nzima, kwa hiyo ameamua kunyamaza. Sababu hii inapendwa kwa kuwa ni fupi. Lakini ndani yake limefichwa fundisho la kimaadili, hata kama anayeitoa hakulikusudia: kwamba kicheko hakina hatia, na kwamba mwenye kosa ni yule anayelalamika kuchekwa.

Katika insha hii nataka kulipima fundisho hilo. Swali langu ni hili: je, ni haki kumcheka mtu ambaye hayupo, asiyeweza kusikia wala kujibu? Nitaanza na hali ya komedi ya Hollywood yenyewe, nipite kwa wanafalsafa waliowahi kukichunguza kicheko, kisha nifike kwetu. Naamini kwamba sisi wa ukanda huu tuna uzoefu wa kicheko, mwema na mchungu, unaoweza kutusaidia kujibu.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Mwaka 2009 filamu ya The Hangover, iliyogharimu takriban dola milioni 35, iliingiza zaidi ya dola milioni 460 duniani kote. Mwaka 2011 Bridesmaids nayo iliingiza zaidi ya milioni 280. Zilikuwa komedi hasa. Hazikuwa na mashujaa wanaoruka angani wala vita vya sayari, bali watu wa kawaida wanaojitumbukiza katika aibu na kuhangaika kutoka. Miaka kumi baadaye filamu za namna hiyo zilikuwa adimu katika kumbi za sinema. Sehemu kubwa ya sababu ni biashara. Komedi zilitegemea sana mauzo ya DVD, na mauzo hayo yakaanguka. Kampuni kubwa nazo zikazidi kutegemea watazamaji wa nchi za nje, na mzaha wa maneno haufiki mbali. Mlipuko wa bomu unaeleweka Beijing na Bujumbura bila mkalimani. Mzaha unahitaji lugha, desturi, na kujua nani ni nani. Mwaka 2014 Adam Sandler, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa Marekani, aliingia mkataba na Netflix, na komedi nyingi zikafuata njia hiyo ya kutazamwa nyumbani. Katika kumbi kicheko kikabaki kama chumvi ndani ya mchuzi wa filamu nyingine, kama Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024 iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hata Barbie ya mwaka 2023, ambayo ni komedi kweli, ilikuja imebebwa na jina la mwanasesere anayejulikana dunia nzima.

Pamoja na sababu za biashara, ile sababu ya hasira ina watetezi wenye majina. Todd Phillips, mwongozaji wa The Hangover, alieleza katika mahojiano ya mwaka 2019 kwamba aliachana na komedi kwa sababu imekuwa vigumu kuchekesha mbele ya watu wanaokasirika haraka. Mwaka huohuo alitoa Joker, filamu ya huzuni kuhusu mchekeshaji asiyechekesha, ambaye anaishia kuua. Simlaumu Phillips kwa kuchoka. Ninachokataa ni kugawa dunia katika makundi mawili tu: wachekeshaji walio huru na wanuni wanaowazuia. Kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi katika ugomvi huo, naye ni yule anayechekwa.

Wanafalsafa nao hawakumtazama sana mtu huyo. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, alikieleza kicheko kuwa ni fahari ya ghafla: namwona mwenzangu akianguka, najiona nimesimama, nacheka. Kwa Hobbes anayechekwa ni ngazi ya mtu mwingine kupandia. Aristotle, karne nyingi kabla yake, alikuwa mpole zaidi. Kwake kichekesho ni kasoro au ubaya fulani usioleta maumivu wala maangamizi. Maelezo haya ni mazuri, lakini yanaacha swali wazi: nani anapima kama maumivu yapo? Anayecheka, au anayechekwa? Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alisema mambo mawili yanayonisaidia. La kwanza ni kwamba ili tucheke, ni lazima moyo ulale kidogo kama uliopigwa sindano ya ganzi. Huwezi kumhurumia mtu na kumcheka kwa wakati uleule. La pili ni kwamba kicheko ni cha kundi, hutuunganisha sisi tunaocheka pamoja.

Yaunganishe mambo hayo mawili ya Bergson na utaona hatari yake. Kundi linaungana, na huku moyo wake una ganzi. Mtu aliye nje ya kundi hilo yuko katika hali gani?

Hapa kwetu swali hilo si la darasani tu. Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda, jirani yetu. Watu waliiamini kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba ilikuwa redio yenye kuchangamsha. Ilipiga muziki mzuri, iliongea lugha ya mtaani, na mtangazaji kama Kantano Habimana alijulikana kwa mizaha yake. Wasikilizaji walicheka. Waliochekwa waliitwa majina ya wadudu, na kuanzia Aprili 1994 waliuawa. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo. Sisi Warundi hatuna haja ya kuvuka mpaka ili kulielewa jambo hili. Katika miaka iliyofuata Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, mzaha kuhusu pua ya mtu au kimo chake haukuwa mzaha wa kumalizika hewani. Waswahili walishaonya: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mtu anaweza kusema kwamba nimekwenda mbali mno, kwamba kuilinganisha filamu ya kuburudisha na redio ya mauaji si haki. Nakubali kwamba havilingani. Silengi kusema kuwa kila mzaha mbaya ni mwanzo wa mauaji. Mingi hufa palepale ilipotolewa. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kicheko peke yake si ushahidi wa usalama. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema, "Lakini watu walicheka." Hata pale walicheka.

Je, basi tuache kuchekana? Wapo wanaofikiri hivyo, na katika nchi yenye vidonda inaweza kuonekana ndiyo busara. Mimi sikubali, kwa sababu jamii zetu zilitatua tatizo hili zamani kwa njia nyingine, nayo ni utani.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaujua utani, lakini mara nyingi tunautaja kama jambo la kufurahisha tu na kupita. Tuutazame kama mfumo wa maadili. Nchini Tanzania Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, Wachaga na Wapare ni watani, na baadhi ya mahusiano hayo yanasimuliwa kuwa yalianzia katika misafara ya biashara au katika vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu. Hapa kwetu, kama katika jamii nyingi za ukanda huu, babu na mjukuu hutaniana, na mabinamu pia. Mtani anaruhusiwa kusema maneno ambayo yakitoka kwa mwingine yangekuwa matusi. Anaweza kuingia msibani, mahali ambapo watu wote wanalia, akamwigiza marehemu na kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumfukuza.

Ruhusa hiyo kubwa inatoka wapi? Naona ina masharti matatu. La kwanza, mtani yupo: anakutania mbele ya uso wako, au mbele ya ndugu zako watakaokufikishia. La pili, utani unarudi. Ukinitania leo, kesho ni zamu yangu, na hairuhusiwi kununa. La tatu, mtani ana wajibu. Huyohuyo anayechekesha msibani ndiye mara nyingi anayesaidia kazi za mazishi. Amekuja kwa sababu ni wako. Masharti haya hayamkatazi mtu kusema neno lolote. Hayatoi orodha ya mambo yanayochekesha na yasiyochekesha. Yanauliza tu: wewe unayecheka, una uhusiano gani na unayemcheka?

Ndiyo maana hata mashabiki wa Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Matusi yao ni makali, lakini wanaishi nyumba moja, na wiki ijayo matokeo yanaweza kugeuka. Warundi wenzetu Amissi Tambwe na Saido Ntibazonkiza wamevaa jezi za timu zote mbili, na waliowazomea jana wakawashangilia kesho. Kicheko cha namna hiyo hakimwachi mtu nje ya kundi.

Sasa nichukue masharti haya nirudi nayo kwenye filamu. Nianze na moja ambayo haikutoka Hollywood, ingawa ilisambazwa Marekani na kampuni ya Hollywood, na ambayo wengi wa Afrika Mashariki wameiona: The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini. Chupa ya soda inaanguka kutoka kwenye ndege, na mtu wa jamii ya Wasani, anayeigizwa na N!xau wa Namibia, anaondoka kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Inachekesha kweli, na N!xau anapendeza kuliko wote. Lakini wale Wasani wasiojua fedha wala dunia walikuwa wametungwa na mtu mwingine. Wakati huo Wasani halisi walikuwa wakipokonywa ardhi, na wengine wakiandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini. Filamu iliingiza mamilioni ya dola. Malipo ya kwanza ya N!xau yalikuwa kidogo sana ukilinganisha. Dunia ilicheka naye kwenye picha bila kujua habari zake.

Mfano wa pili ni Borat ya mwaka 2006. Sacha Baron Cohen anajifanya mwandishi wa habari kutoka Kazakhstan anayezunguka Marekani. Sehemu kubwa ya filamu inawafichua Wamarekani wenyewe, na hapo ni kali kweli, maana anawatania wenye nguvu nchini kwao. Lakini kijiji kinachoonyeshwa mwanzoni kuwa ni cha Kazakhstan ni kijiji cha Glod, Romania, makazi ya watu maskini, wengi wao Waroma. Katika filamu wanatambulishwa kwa majina ya kuaibisha, kwa lugha wasiyoifahamu. Baadaye baadhi yao walisema waliamini kwamba inatengenezwa filamu ya maisha yao ya kweli. Walijaribu kushtaki Marekani, na kesi haikufika mbali. Angalia tofauti: Kazakhstan, nchi yenye serikali na mafuta, iliweza kujibu. Mwanzoni ilikasirika, na mwaka 2020 ikageuza maneno ya Borat mwenyewe kuwa tangazo lake la utalii. Hilo ni jibu la mtani hodari. Wanakijiji wa Glod hawakuwa na tangazo.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, kwa sababu tunaupenda: Coming to America ya mwaka 1988. Eddie Murphy ni mwanamfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika isiyokuwepo, anayekwenda Queens, New York, kutafuta mke. Zamunda ni Afrika ya kubuni: tembo uani, maua ya waridi yanayomwagwa njiani, wanawake wa kumwogesha mfalme mtarajiwa. Kwa nini basi Waafrika wengi waliipokea kwa furaha? Nadhani ni kwa sababu mbili. Kwanza, Mwafrika wa filamu ile ana heshima na akili, na wanaoonekana wajinga mara nyingi ni wenyeji wake wa New York. Pili, sehemu inayochekesha kuliko zote ni kinyozini, ambako wazee wa Queens wanabishana kuhusu ndondi, na wawili wao ni Murphy mwenyewe aliyebadilishwa sura. Pale alikuwa anawatania wazee wa mtaa aliowafahamu. Mwaka 2021 filamu ya pili ilipotoka, hadithi ilihamia zaidi Zamunda, na watazamaji wengi waliiona dhaifu. Ilipigwa Georgia, Marekani, na jumba la kifalme la Zamunda lilikuwa nyumba ya mwanamuziki Rick Ross. Mzaha ulihama kutoka kinyozini, ambako mtunzi alikuwa mwenyeji, ukaenda nchi ambayo hakuna mtu anayeishi.

Kutokana na mifano hii natoa dai langu. Tatizo la komedi ya Hollywood si kwamba imezuiwa kucheka, bali kwamba ilizoea kucheka kwa mbali. Kwa miaka mingi ilimcheka Mwafrika, Mwarabu, Mwasia, mtu wa kijijini, bila kutegemea kwamba watu hao wangeiona filamu, achilia mbali kuijibu. Kisha mambo yakabadilika. Filamu ikafika kila mahali, na waliochekwa wakapata simu. Waliokuwa hawapo wakawapo. Mtani wa kweli angefurahi, maana sasa angepata wa kujibizana naye. Hollywood ilishtuka, kwa sababu haikuwa imezoea zamu ya pili. Njia iliyochagua mara nyingi ni kutomcheka mtu yeyote mahususi, na kujaza filamu mizaha isiyomhusu mtu wa mahali popote. Wengine huiita njia hiyo heshima. Mimi naona ni umbali uleule wa zamani kwa sura nyingine, kwa sababu mtu usiyemtania kabisa bado ni mgeni kwako.

Kuna pingamizi mbili ninazopaswa kuzijibu. Ya kwanza inasema: msanii hawezi kumwita kila anayechekwa aje akae ukumbini. Ni kweli, na simdai hivyo. Namdai aandike kama mtu ambaye atakutana na yule anayemwandika. Fundi cherehani hashoni nguo kwa kuwaza kwamba mteja hatarudi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mkubwa je? Dikteta hatoi ruhusa ya kutaniwa. Charlie Chaplin alipomcheka Hitler katika The Great Dictator, mwaka 1940, hakukuwa na utani kati yao. Tukidai kibali cha anayechekwa, tutakuwa tumewapa wakubwa kinga. Jibu langu ni kwamba sharti si kibali, bali ni uwezo wa kujibu. Mkubwa anao uwezo huo, tena ana zaidi ya jibu: ana redio, askari na gereza. Anayemcheka mkubwa anajihatarisha mwenyewe, na hatari hiyo ndiyo inayokipa kicheko chake haki. Anayemcheka mnyonge asiyekuwepo hahatarishi chochote. Kwa hiyo kipimo kilekile kinachomlinda mwanakijiji wa Glod hakimlindi dikteta.

Kipimo hicho pia kinanisaidia kuelewa jambo tunaloliona mitaani kwetu. Katika mabanda ya video ya Buyenzi na Bwiza, filamu za Marekani zimetufikia mara nyingi zikiwa na sauti ya mtu wa tatu: Lufufu kutoka Tanzania, DJ Afro kutoka Kenya, au wasimulizi wa Rwanda wenye filamu ziitwazo agasobanuye, Uganda kuna akina VJ Jingo. Wasomi wengi hudharau kazi hii kwa kuwa tafsiri zao si sahihi. Si sahihi kweli. Msimulizi humpa shujaa jina la mtaani, humfanya adaiwe kodi ya nyumba, humuuliza kwa nini risasi mia moja zinamkosa yeye tu. Mimi nimeona watu wakicheka katika filamu ya vita kuliko katika komedi. Nafikiri wasimulizi hawa wanafanya jambo la haki bila kulitangaza: wanachukua zamu ya pili. Hollywood ilitutania, nasi tunaitania, ingawa yenyewe haisikii. Na kwa kuwa Hollywood ina kila njia ya kujibu, hatumwonei mtu. Zaidi ya hayo, msimulizi akimaliza na shujaa humgeukia mtazamaji mwenyewe: aliyeingia bila kulipa, anayelala, anayemwogopa mkewe. Ukumbi mzima unakuwa wa watani.

Lakini kicheko cha kujibu hakitoshi. Jamii inahitaji pia komedi yake inayoanza na yenyewe, nasi tulianza vizuri kuliko tunavyokumbuka. Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi ni komedi. Ni Gito l'ingrat, yaani Gito asiye na shukrani, iliyoongozwa na Léonce Ngabo mwaka 1992. Gito ni mwanafunzi wa Kirundi aliyesoma Paris. Anapopata shahada anamwacha mpenzi wake Mfaransa, Christine, kwa ahadi kwamba atamwita akishakuwa waziri. Anafika Bujumbura na suti zake na matumaini yake, anakuta hakuna anayemngoja na kazi hakuna. Anarudi kwa mpenzi wake wa zamani, Flora. Kisha Christine anatokea, na wanawake wawili, badala ya kugombana kwa ajili yake, wanaungana kumtia adabu.

Ipime kwa masharti ya utani. Anayechekwa ni nani? Si mtu wa mlimani asiyejua kusoma, si mtumishi wa nyumbani, si kabila fulani. Ni msomi wa Bujumbura, mtu wa aina ya mwongozaji na ya watazamaji wake wa kwanza. Alikuwepo ukumbini, akajiona. Na ndani ya filamu zamu inarudi: waliodanganywa ndio wanaocheka mwishoni. Mwaka mmoja baadaye nchi iliingia gizani, na filamu haikuzuia hilo. Sidai kwamba komedi huzuia vita. Lakini mwaka 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo ilianza kurusha mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Ulisikilizwa pande zote mbili za uzio. Mtunzi alijua kwamba kila anayemwandika anasikiliza, na hakuna aliyesemwa akiwa hayupo.

Nimefika mahali ambapo swali linatuhusu sisi wasomaji wa mkusanyiko huu. Vijana wa Bujumbura sasa wanatengeneza vichekesho kwa simu, wengine wakiwa wanafunzi wenzetu, na baadhi vinachekesha sana. Tuviulize swali lilelile. Mara ngapi anayechekwa ni mtumishi wa nyumbani aliyetoka mkoani, na Kifaransa chake kilichovunjika? Mara ngapi ni Mtwa? Katiba yetu inawapa Watwa viti 3 katika Bunge na viti 3 katika Seneti, lakini hakuna katiba inayoweza kumpa mtu kiti katika video ya vichekesho; kiti hicho hutolewa na mtunzi. Na sisi wa Kiswahili tunaijua zamu yetu. Katika mazungumzo ya Kirundi ya kila siku, kumwita mtu Mswahili kunaweza kumaanisha kwamba ni mjanja, mwongo, mtu wa kuchungwa mkono. Mzaha huo una umri mrefu, na wengi wanaoutoa hawajawahi kunywa chai Buyenzi. Tunaujua uchungu wake, basi tusiupeleke kwa mwingine aliye chini yetu.

Sipendekezi orodha ya mizaha iliyokatazwa. Orodha kama hiyo ingezaa komedi ileile isiyomhusu mtu, ambayo Hollywood inatengeneza sasa na kuishangaa kwa nini haichekeshi. Napendekeza kwamba kabla ya kumcheka mtu tujiulize mambo ambayo mtani huyajua bila kufundishwa: kama angekuwa hapa ningelisema hili? Anaweza kunijibu? Akifiwa, nitakwenda? Anayeweza kujibu ndiyo kwa yote matatu na aseme atakalo, hata likiwa kali. Asiyeweza, naye bado ana mtu mmoja aliye karibu ambaye ana haki kamili ya kumcheka, na ambaye Gito alimtangulia kuonyesha jinsi anavyochekesha: mwanafunzi mwenye shahada mkononi, anayengoja kuitwa waziri.